Mpaka Unga Ushuke

Wamunyu
Jumamosi, 2 Machi 2024

Kwa Kavinya,

Susu, mama yako, anasema nianze kwa kukujulisha kwamba maneno haya ni yake. Mimi Ndindi ni mkono tu. Kukiwa na makosa ni ya mkono, si ya mdomo wake.

Mwanangu, sisi tuko. Mvua imetishia ikapita. Sabuni na viatu ulivyompa Mwanzia wa basi vilifika, ila viatu vinambana mtoto kwenye vidole. Anaficha, lakini namwona anavyotembea. Mtoto anakua, Kavinya, hangoji uje umpime.

Kunipigia simu usijisumbue. Ukipiga nasikia kama nyuki ndani ya mtungi. Juzi nilikuitikia ndiyo, ndiyo, kumbe uliuliza kama mbuzi amekufa. Andika, Ndindi anisomee. Anasoma vizuri, hata padri alimsifu.

Redio wamesema mfumuko wa bei umepungua. Nikamuuliza Muthama hicho ni kitu gani, akasema maana yake vitu vinapanda polepole kuliko zamani. Nikamwambia, si ni kusema vimeshuka? Akasema hapana, mama, si vivyo hivyo. Ndugu yako anapenda ubishi tangu utotoni. Dukani kwa Kimeu unga umeshuka, hata mwenye macho mabovu kama mimi anaona.

Basi mimi nimemaliza. Mtoto ana yake.

Sasa ni mimi, mama. Ulipoondoka uliniambia vitu vikishuka utakuja kunichukua tukae wote huko Nairobi, Kariobangi. Kila siku ya soko naenda kwa Kimeu kuuliza unga. Ulipoenda ulikuwa mia mbili na kitu. Sasa ni mia moja na hamsini. Mafuta yameshuka pia, na sukari nayo imeanza. Kimeu ananiita Bi. Waziri. Nikiingia anawaambia watu, simameni, mkaguzi amefika. Nimefunga nguo zangu kwenye kile kikapu cha ukindu, ila sare ya shule bado naivaa.

Utakuja Jumamosi gani?

Mwanao,
Ndindi


Kariobangi
Jumapili, 10 Machi 2024

Mwaitu, mama yangu mpendwa, na wewe Ndindi unayesoma,

Barua imenifikia na nimeisoma nikiwa nimesimama. Nashukuru mko wazima. Viatu nitatuma vingine, hivyo mpe mtoto wa Muthama.

Ndindi, umefanya vizuri kuuliza, na Kimeu hajakudanganya. Unga umeshuka hata huku. Lakini Nairobi si unga tu. Kuna gesi ya kupikia, kuna kodi ya nyumba, kuna maji ya kununua kwa mtungi, na hivyo havijashuka. Mtu akisema vitu vishuke anamaanisha vyote, si kimoja. Kwa hiyo vumilia kidogo, mama, mpaka vikae sawa. Nguo zitoe kwenye kikapu zisiingie nondo.

Chumba chetu kiko vilevile. Kitanda chako kipo, nimekiwekea shuka ile ya maua. Hotelini kazi inaendelea, tunapika kama kawaida, mafundi wa jua kali wanakula na kulalamika kwamba nyama ni ndogo.

Mwaitu, ule mgongo uukande na maji ya moto. Usibebe kuni.

Wenu,
Kavinya


Donholm
Jumanne, 12 Machi 2024

Muthama ndugu yangu,

Barua hii nimempa Mwanzia peke yake, akuletee pale mnapochongea vinyago, isipite nyumbani. Nilitaka kukupigia. Nilipiga mara mbili nikakata kabla hujashika, kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na hapa nilipo ukuta una masikio.

Angalia hapo juu nilipoandika mahali. Sikai tena Kariobangi. Tangu Novemba niko Donholm, nimeandikwa kazi ya nyumba, nalala hapa hapa. Yale niliyomwandikia Mwaitu juzi si kweli, si chumba, si kitanda. Kitanda cha Ndindi nilikiuza kwa jirani siku ya kuhama, na shuka ile ndiyo najifunika.

Hoteli ilifungwa. Si kwamba unga ulikuwa ghali, maana ulikuwa umeanza kushuka. Ni wale mafundi. Walianza kubeba chakula kutoka kwao, mmoja mmoja, kwenye mikebe ya siagi. Ukimuuliza anakwambia maisha yamepanda. Ukimwonyesha kwamba sahani tumeishusha bei, anakwambia nasikia, lakini maisha yamepanda. Tukabaki tunatazamana na sufuria. Mwenye hoteli alituita akatupa kila mtu mwiko wake, akasema asanteni. Mwezi huohuo mwenye ploti akaongeza kodi.

Unaona jinsi ilivyo, Muthama. Unga ulipokuwa juu nilikuwa na kazi na chumba. Umeshuka, sina kimoja wala kingine. Hilo nitamweleza vipi mtoto wa miaka tisa ambaye kila siku ya soko anaenda kuuliza bei?

Watu wa huku nao hawaamini kama kumeshuka kitu. Jana dukani mama mmoja alinunua mafuta, unga na sukari, na mwenye duka akamwambia, mama, leo umetoa pesa kidogo kuliko mwaka jana. Yule mama akamtazama kama aliyetukanwa. Akamwambia, wewe uza, mambo ya kwangu huyajui. Sote tuliokuwa kwenye foleni tukacheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mambo ya kwake.

Hata tajiri wangu, Mama Okinyi, siku ya kwanza kunituma supamaketi nilimrudishia chenji akaishika mkononi muda mrefu. Akaniuliza kama nimenunua paketi ndogo. Nikamletea paketi azione. Akasema ah, basi labda ni ofa. Si mtu mbaya. Anafanya kazi ofisi ya mjini, anarudi amechoka, na mtoto wake Okinyi ana mwaka na kidogo. Huyo ndiye ninayemlea. Ananing'ang'ania shingoni kama Ndindi alivyokuwa.

Nina mpango. Nataka kumwomba Mama Okinyi niwe wa kutwa, nije asubuhi niondoke jioni, na aniongeze kidogo nipate kodi ya chumba Kariobangi. Akikubali, likizo ya Agosti namchukua mtoto wangu. Akikataa sijui.

Nakuomba umwambie Mwaitu ukweli, asizidi kufikiri nimeolewa kisiri. Lakini Ndindi asisikie. Huyo nitamwambia mwenyewe nikiwa na la kumwambia.

Dada yako,
Kavinya


Wamunyu
Jumapili, 7 Aprili 2024

Kavi,

Mimi si mtu wa barua, kwa hiyo nitasema na kunyamaza.

Nimekasirika na wewe. Si kwa kazi, kazi ni kazi. Nimekasirika kwa sababu ya kitanda chenye shuka ya maua. Mtoto aliisoma ile sehemu mara tatu, Mwaitu akamwambia atulie amalize barua.

Mimi naelewa habari ya hoteli kuliko unavyofikiri. Mwaka jana twiga mmoja wa mti niliuza bei nzuri. Mwaka huu wanunuzi wanakuja na simu, wananionyesha twiga wa kiwandani, anatoka ng'ambo, na bei yake haifiki hata ya mti wangu. Watoto wa mjini wakipewa vitu kwa bei ya chini wanasema afadhali. Mimi ndiye hiyo bei ya chini, nimekaa hapa na tezo yangu. Basi usidhani huku tunakula raha ya unga wa Kimeu.

Nilimwambia Mwaitu jana jioni, kila kitu, hoteli, Donholm, huyo mtoto unayemlea, mpango wako na huyo mama. Ilibidi nipaze sauti, unajua masikio yake. Nilirudia habari ya Donholm mpaka koo likanikauka. Alikuwa anasema, eti amelewa? Nikasema analea, mama, ANALEA. Mwishowe akashika, akalia, akasema angalau si mwanamume. Usijali, Ndindi nilikuwa nimemtuma kuni, hakuwepo.

Mtoto ni mzima. Ametulia tu tangu asubuhi, kama mtu mzima. Leo ilikuwa siku ya soko na hakwenda kwa Kimeu. Kimeu mwenyewe ameniuliza, Bi. Waziri amejiuzulu? Nadhani amekua, mambo ya kitoto yanamtoka.

Mwombe huyo mama mapema. Usingoje mpaka Julai.

Muthama


Donholm
Jumapili, 30 Juni 2024

Muthama,

Nilingoja. Najua uliniambia nisingoje. Kila nikitaka kufungua mdomo namkuta amelala kwenye kochi na viatu, na mtu aliyelala na viatu huwezi kumwomba kitu.

Ijumaa nilimwomba. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima nikiosha nguo. Nikamwambia nina binti, yuko kwa mama yangu, ana miaka tisa, nataka kukaa naye. Alishtuka. Alikuwa hajui nina mtoto, na mimi sikuwahi kumwambia, kwa sababu wanaotafuta wasichana wa kazi wakisikia una mtoto wanasema watakupigia. Akasema pole, anti. Akaniuliza jina lake, nikamtajia, akalirudia vizuri, hakulivunja.

Nikadhani ameshakubali.

Halafu akasema, "Lakini anti, unajua vitu vimepanda."

Muthama, mimi ndiye ninayenunua vitu katika nyumba hii. Najua bei ya unga wake, ya mafuta yake, ya pampasi za Okinyi. Nilikuwa nimesimama na kikapu kilichojaa, na chenji yake iko mezani mbele yake. Nilifungua mdomo nimwambie havijapanda. Sikuweza. Nilisikia sauti yangu. Ni maneno yale yale, na uso ni ule ule niliokuwa nao nikimwambia Ndindi siku ile namwacha, nimeinama kumfunga kamba za viatu ili asinitazame.

Naye sidhani alikuwa ananidanganya. Alinitolea karatasi ya mshahara akanionyesha yaliyokatwa, huku, huku, na huku. Akasema kila mwezi anapokea kidogo kuliko mwezi uliotangulia, na hajui akiite nini kama si vitu kupanda. Nikamjibu sawa, mama. Tukaandaa chakula. Okinyi akamwaga uji sakafuni, nikapiga deki.

Wa kutwa hataki, kwa sababu wakati mwingine anatoka asubuhi mtoto bado amelala. Nyongeza hana. Kuniachisha kazi hataki, na mimi kuacha siwezi, kwa sababu hiki ninachotuma ndicho kinacholipa shule na dawa ya mgongo wa Mwaitu. Nimezunguka hesabu hii pande zote nikichambua mchicha, kila mara natokea pale pale.

Kwa hiyo Agosti hakuna. Usimwambie Ndindi bado. Nitafute maneno.

Kavinya


Wamunyu
Jumamosi, 20 Julai 2024

Mama mpendwa,

Leo susu hayupo, ameenda kwa jumuiya ya kanisa, kwa hiyo hii ni ya kwangu yote.

Nimetoka kwa Kimeu. Nataka kukuambia kwamba unga umepanda tena. Umepanda sana, umefika mia mbili na kumi. Sukari pia imepanda. Hata mafuta. Kimeu amesema havitashuka mwaka huu na labda hata mwaka ujao. Watu wote sokoni wanalalamika.

Kwa hiyo mama usije Agosti. Itakuwa hasara. Nimetoa nguo kwenye kikapu, kikapu susu anawekea mahindi. Ngoja vitu vishuke, na vikishuka nitakuandikia mimi mwenyewe. Kama sijakuandikia ujue bado.

Mimi sina shida. Hisabati nilipata alama nzuri. Viatu vipya havinibani. Mjomba amenichongea kiboko, ni mdogo, anaingia mfukoni.

Yule mtoto wa huko Donholm anaitwa nani?

Mwanao anayekupenda,
Ndindi


Donholm
Jumapili, 4 Agosti 2024

Ndindi wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa. Susu yuko karibu? Kama yuko, mwambie hii ni yako, yake iko kwenye bahasha nyingine, atasomewa na mjomba.

Anaitwa Okinyi. Ana mwaka mmoja na nusu. Anapenda kuvuta masikio ya watu. Namlaza na wimbo ule wako wa kware, kwa sababu sina mwingine, na usiku wa kwanza nilipouimba nilisimama katikati nikashindwa kuendelea. Sasa nauimba wote. Naona ni haki yako kuyajua haya.

Basi ulisikia. Mjomba wako alimpazia susu sauti akidhani uko kwenye kuni, na wewe ulikuwa umesharudi, uko nyuma ya jiko na mzigo kichwani. Nilimuuliza jana kwa simu, akaapa kwamba haiwezekani, halafu akasema kuni zile alizikuta zimetupwa nyuma ya jiko. Miezi minne umekaa na jambo hilo peke yako. Umeandika barua ya hisabati na viatu, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Mwanangu, unga haujapanda. Jumatano nilinunua, ni wa bei ya chini kuliko siku uliponiita nije. Kwa Kimeu nako ni vivyo hivyo, nimemuuliza mjomba. Uliandika vile ili nisijisikie vibaya kwa kutokuja. Nimekuelewa, na nimelia. Sasa sikiliza kwa makini kwa sababu sitarudia: usifanye hivyo tena. Kunitunza moyo si kazi yako. Una miaka tisa. Kazi yako ni kusoma, kumsaidia susu, na kukasirika na mama yako ukitaka kukasirika. Kasirika. Niandikie umekasirika. Hiyo barua nitaipokea vizuri kuliko ile.

Maneno ya kwamba nitakuchukua vitu vikishuka niliyasema mimi. Nilikuwa natafuta kitu cha kukuambia ili uniache niondoke, na kila mtu mjini alikuwa anasema hivyo, nikachukua hilo lililo karibu. Sikujua utalishika na kulipeleka dukani. Tatizo letu halikuwa unga. Hoteli ilifungwa, chumba nikakiacha, na kazi niliyopata haina nafasi ya wewe kulala. Niliomba nafasi hiyo. Nilimwambia mwenye nyumba jina lako. Amesema hawezi.

Kwa hiyo sikuchukui Agosti. Januari nayo siwezi kukuahidi. Utauliza ni lini. Sijui. Nikijua nitakuambia siku hiyo hiyo, na sitakuambia ni bei ya kitu gani.

Lakini Mama Okinyi amenipa ruhusa ya siku mbili. Ijumaa ijayo nitafika jioni. Mwambie susu asichinje kuku, tutakula muthokoi wa mahindi na maharagwe. Nguo zako ziache zilipo, usifungashe chochote, usivae viatu vya safari. Nitalala nawe kitanda kimoja, na Jumapili baada ya misa nitarudi huku. Wakati wa kuondoka utalia, na mimi nitalia mbele yako, sitainama kufunga kamba za mtu. Na mtu akituuliza pale stendi tunalilia nini, tutamwambia ni kwamba mama anaondoka na mtoto anabaki.

Ni mimi mama yako,
Kavinya